Mvua Moja, Ardhi Mbili

Mwanafunzi wa Masasi au Newala afunguapo kitabu cha jiografia hukuta dunia imegawanywa kwa rangi: tundra ya kaskazini, misitu ya Siberia, jangwa la Sahara, misitu minene ya Kongo, bahari na maziwa. Kwao yeye hupakwa rangi moja tu, ya savana. Hatuna ugomvi na ramani hiyo. Ugomvi wetu ni na mipango ya maendeleo inayotungwa kana kwamba rangi hiyo moja inatosha.

Anayeondoka Mkomaindo, mjini Masasi, na kupanda hadi Newala hubadilisha nchi katika safari ya saa chache. Mvua ni ile ile ya msimu mmoja, kuanzia mwezi Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Lakini Masasi, penye milima ya miamba mitupu, ni nchi ya miombo, pori linaloendelea hadi Zambia na Angola. Miti yake hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha huchipua majani mapya, mengi yakiwa mekundu, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka.

Juu ya Uwanda wa Makonde hali ni nyingine kabisa. Udongo ni mchanga mwingi, na mvua ikinyesha huzama chini sana, hata mito haipatikani. Maji hayo hutokeza tena kwenye chemchemi zilizo chini ya miteremko. Mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika juu ya vichaka vizito vya uwandani, vilivyoota katika mashamba yaliyoachwa yapumzike, na juu ya taabu ya maji. Kwa miaka mingi akina mama wameteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi vichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanzishwa katika miaka ya 1950, husukuma maji kwa mitambo kutoka bonde la Kitangari. Mitambo ikisimama, taabu hurudi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaoviita vichaka hivyo pori lisilo na faida. Vinapofyekwa na kuchomwa moto miteremkoni, mvua huporomoka na mchanga badala ya kuzama taratibu kuelekea chemchemi. Hatusemi mikorosho ing'olewe. Ndiyo inayosomesha watoto wetu. Tunasema isipandwe hadi kwenye kingo za miteremko.

Tunazishauri halmashauri za Masasi, Newala na Tandahimba ziweke mipaka ya miteremko hiyo pamoja na wazee wa vijiji wanaozijua chemchemi kwa majina. Aidha, kila shule na zahanati ya uwandani yenye paa la bati iwe na mifereji na kisima cha kuhifadhi maji ya mvua, na ujenzi huo ufanyike wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Desemba.