Maini Si ya Baba Peke Yake

Akina mama wenzetu, mwezi huu tunazungumza juu ya nyama za ndani: maini, moyo, figo na firigisi. Katika nyumba nyingi nyama hizi zina mwenyewe. Kuku akichinjwa, firigisi huwekwa kwenye sahani ya baba au ya mgeni, na maini hufuata njia hiyo hiyo. Mama aliyesimama jikoni tangu asubuhi hubaki na shingo na miguu. Hatuandiki haya ili kuleta ugomvi mezani. Twaandika kwa sababu wenye kuyahitaji maini zaidi ni mama mwenyewe na watoto wadogo.

Hebu tutazame suala la damu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 ilikuwa asilimia 58. Sababu ni nyingi: malaria, minyoo, kuzaa mfululizo, na chakula chenye upungufu wa madini ya chuma. Mama hupoteza damu kila mwezi na kila anapojifungua. Mtoto naye hukua haraka, na damu yake lazima iongezeke pamoja na mwili. Mahitaji hayo baba hana.

Gramu 100 za maini mabichi ya ng'ombe zina miligramu 5 hivi za chuma, na za maini ya kuku 9 hivi. Nyama ya kawaida ya ng'ombe ina 2 hivi. Tena chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko kile cha mchicha na maharage. Maini yana pia vitamini A ya kulinda macho, na vitamini B12 inayosaidia kutengeneza damu.

Nguvu ya maini ilithibitishwa zamani. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Boston, Marekani, George Minot na William Murphy, walieleza jinsi walivyowalisha maini wagonjwa wa aina moja ya upungufu wa damu ambayo wakati ule iliua. Wagonjwa walipata nafuu. Mwaka 1934 madaktari hao, pamoja na George Whipple, walipewa Tuzo ya Nobel. Vitamini B12 yenyewe ilikuja kutambuliwa mwaka 1948.

Hatuna haja ya kula mengi. Robo kilo mara moja kwa wiki yatosha watu watano. Buchani chagua maini yanayong'aa, yasiyo na harufu, mabaka meupe wala uvimbe, na yatoke kwa mnyama aliyepimwa na mkaguzi wa nyama. Yaoshe, menya utando wa nje, kisha yakate vipande vyembamba. Kaanga kitunguu na nyanya, tia maini, geuza mpaka yaive hadi ndani, halafu epua mara moja. Yakikaa motoni mno huwa magumu. Chumvi na limau vije mwishoni. Kula pamoja na mboga za majani, na chai isubiri saa moja au mbili, kwa kuwa huzuia chuma cha mboga kisiingie mwilini.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 aweza kuonja. Chemsha ini la kuku mpaka liive kabisa, liponde liwe laini, kisha changanya kijiko kimoja katika uji mzito au viazi. Mara moja kwa wiki yamtosha.

Sasa tahadhari. Mama mjamzito asile maini bila kuzungumza na mkunga wake, kwa kuwa vitamini A ikizidi yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Moyo na firigisi vina kidogo sana cha vitamini hiyo, basi vinamfaa zaidi. Mwenye ugonjwa wa jongo aepuke nyama za ndani. Na yeyote anayechoka ovyo, kusikia kizunguzungu au kuona viganja vimepauka, aende zahanati akapimwe damu. Maini hayatibu malaria wala minyoo, wala hayachukui nafasi ya vidonge vya kliniki.

Basi kuku akichinjwa tena, baba apewe firigisi yake kama desturi inavyotaka. Ini ligawiwe watoto. Na siku ya maini ya ng'ombe, mama, jipakulie nawe kipande chako kabla sufuria halijaisha. Ukimweleza mwenzio sababu, tunaamini atakuwa wa kwanza kukusogezea sahani.