Mkibadili taa za gereji, tyubu za zamani mnazipeleka wapi?

Wiki hii nimeona tuache kidogo habari za malaria na vyoo tuzungumzie taa. Najua wapo watakaouliza tabibu na taa wapi na wapi. Jibu ni kwamba katika miezi ya karibuni nimeshona na kufunga bandeji majeraha mawili yaliyotoka katika kazi moja, gereji moja, wiki moja. Gereji hiyo ilikuwa inabadili tyubulaiti zake kuweka tyubu za LED.

Niseme mapema kwamba kubadili ni jambo jema. Gereji nyingi za mitaani kwetu hufanya kazi hadi usiku, na tyubu ya futi nne ya wati 36, ukijumlisha na ule umeme unaoliwa na choki, hufikia kama wati 45. Ya LED hutumia kama 18. Mwenye tyubu kumi zinazowaka saa sita kila usiku huokoa takriban uniti moja na nusu ya LUKU kwa siku. Aidha, tyubu yenye choki ya kizamani mwanga wake hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halilioni hilo, lakini kitu kinachozunguka kwa kasi, kama jiwe la grenda au feni ya injini, kinaweza kuonekana kana kwamba kimesimama. Kwa fundi anayetaka kupeleka mkono, hilo si jambo dogo.

Tatizo ni namna tunavyobadili, na kile tunachokiacha nyuma.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa kijana wa gereji, miaka kama ishirini. Fundi aliyeitwa alitoa choki, akafunga waya wa moto upande mmoja wa fitingi na nyutro upande wa pili, akaondoka na kumwachia kijana kazi ya kupachika tyubu. Kijana akapanda ngazi huku swichi imewashwa, eti aone kama inawaka. Alichomeka upande mmoja, na upande wa pili ameushika kwenye pini. Umeme ukapita ndani ya tyubu ukamfikia mkononi. Hakufa, alhamdulillah, lakini alianguka akavunjika mfupa karibu na kiganja.

Mimi si fundi umeme, ila baada ya tukio lile niliwauliza wanaojua. Kumbe tyubu za LED hazifanani. Zipo zinazoingia katika fitingi ya zamani yenye choki ya chuma, mradi stata ya kawaida itolewe na kuwekwa ile inayokuja na tyubu yenyewe. Zipo zinazotaka choki iondolewe kabisa. Na hizo nazo, nyingine hupokea moto na nyutro upande mmoja, nyingine pande mbili. Mchoro huwa umechapwa kwenye boksi au kwenye tyubu yenyewe, na ndio unaotupwa wa kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi pia, kwa sababu nyumba zetu nyingi zimefungwa kienyeji na swichi hukata nyutro badala ya moto. Zima kwenye meni swichi. Na fitingi ikishabadilishwa, ibandikwe karatasi inayosema hivyo, maana akija mtu mwakani akachomeka tyubu ya zamani mahali pasipo na choki, inaweza kupasuka usoni mwake.

Mgonjwa wa pili alikuwa mtoto wa miaka tisa. Tyubu zilizotolewa, kama ishirini hivi, ziliegemezwa nyuma ya ukuta wa gereji, kwenye kichochoro ambacho watoto hupita kwenda chuoni alasiri. Nani kati yetu hakuwahi kucheza panga kwa tyubu iliyoungua? Vioo vyake ni vyembamba mno. Aliletwa kiganja kimepasuliwa na jeraha limejazwa unga wa kahawa. Akina mama, nawaomba tena: jeraha la kioo lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka, libanwe kwa kitambaa safi, mtoto aletwe kituoni aangaliwe na chanjo ya pepopunda. Kahawa inywewe.

Lakini kidonda kilipona. Kinachonisumbua ni kile kisichoonekana, yaani zebaki. Kila tyubulaiti inayo. Ni miligramu chache tu, na za miaka ya zamani huwa nayo zaidi. Ikivunjika, zebaki hutoka kama mvuke na nyingine hubaki katika ule unga mweupe. Sitaki kuwatisha watu: tyubu moja ikivunjika mahali penye hewa, aliyekuwepo hatadhurika kwa kawaida. Rundo la tyubu ishirini linalovunjwa na watoto, au kuchomwa pamoja na takataka, ni habari nyingine. Zebaki hudhuru ubongo na figo, na wanaoathirika zaidi ni watoto wadogo na mimba iliyo tumboni.

Ikivunjika moja, watoto na wajawazito watoke, madirisha na milango ifunguliwe kwa robo saa. Usifagie, kwani ufagio hutawanya unga. Kusanya kwa kipande cha kadibodi, malizia kwa gundi ya karatasi na kitambaa kibichi, weka vyote katika chupa ya kioo yenye mfuniko. Kisha nawa mikono.

Wapo watakaosema jaa limejaa mambo makubwa kuliko tyubu. Ni kweli. Lakini zingatia kwamba nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana mwaka 2023 mjini Geneva kuachana na utengenezaji na uingizaji wa tyubu hizi, aina ya kizamani ifikapo 2026 na nyingine ifikapo 2027. Nchi za Afrika ndizo zilizosukuma jambo hilo. Maana yake ni kwamba gereji, maduka, shule na misikiti yote itazishusha ndani ya miaka michache. Tuliosoma madrasa tunakumbuka somo la kuondoa udhia njiani, na sidhani kama mwalimu alikuwa anafikiria miiba peke yake.

Ushauri wangu ni kwamba mwenye gereji na fundi wapatane mahali tyubu za zamani zitakapokwenda kabla hata ya bei. Tyubu mpya ya futi nne huja na boksi lenye urefu uleule. Itie ya zamani humo, funga, weka stoo yenye kufuli. Muuzaji naye angeweza kuzipokea mzigo mpya unapoletwa.

Nilimfuata mwenye gereji ile baada ya swala ya Ijumaa. Mabosi alikuwa ameshayachoma, lakini tyubu zilizosalia, kumi na moja, alizifunga kwa magunia siku ileile na kuzifungia stoo. Nimemwandikia bwana afya wa kata aniambie zipelekwe wapi. Hadi naandika makala hii sijajibiwa, na tyubu bado zipo stoo.