FUNDI NA AWE MWAMINIFU



Wenzetu wa Mfangano wametuuliza: chama cha mafundi wa kutengeneza vyombo vya umeme kimpokee nani? Swali ni jema. Taa ya mvuvi wa omena ikizimika usiku ziwani si hasara tu, ni hatari. Na pasi iliyofungwa waya vibaya huua mtu.

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yataka anayefunga nyaya za umeme nyumbani awe na leseni. Lakini anayefungua redio au taa ya sola pale sokoni Sena, nani humwuliza cheti? Basi chama na kiulize.

Twashauri haya. Kwanza, mwanachama awe amefaulu mtihani wa kazi wa NITA, Daraja la Tatu. Wengine watasema wazee hawakusoma. Mtihani huo hupima mkono, hata wa aliyejifunzia kibandani. Chama kimsaidie ada. Pili, asing'oe kipuri kizima cha mteja na kutia kibovu. Tatu, ataje bei kabla ya kuanza kazi, na kisichotengenezeka aseme hakitengenezeki. Nne, betri iliyokufa isitupwe ziwani.

Sisi wa reli twajua: hapewi mtu bendera ya kijani kabla ya kujaribiwa.

Anayevunja ahadi aonywe mara moja, kisha atolewe, hata akiwa ndugu yetu. Chama kikificha mwizi mmoja, sote tutaitwa wezi.

Umoja ni nguvu, lakini uaminifu ndio mtaji wetu.