Maabara Si Kuta na Bati

Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950. Mkoloni hakuijenga kwa kuwahurumia wananchi wa huko, bali aliitaka risasi iliyokuwa ardhini Mukwamba. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Madini yalikuwa yamekwisha kupakiwa kwenye mabehewa, na elimu ya kuyachimba na kuyasafisha ikaondoka na wenyewe. Mzalendo aliachiwa mashimo.

Leo Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una dhahabu inayochimbwa na wachimbaji wadogo, yaani wananchi wenyewe. Hiyo ni hatua. Lakini wengi wao hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma wakidhani imetoweka. Haitoweki! Hugeuka mvuke, ikaingia mapafuni, ikatua katika udongo na maji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kuibana sumu hiyo, lakini mkataba hausomwi shimoni. Anayeweza kuufikisha huko ni kijana wa sekondari, iwapo amefundishwa sayansi badala ya kukaririshwa.

Hapo ndipo penye kasoro. Mwaka 2014, kwa agizo la Rais Jakaya Kikwete, wananchi nchini kote walichanga fedha na nguvu zao kujenga maabara za fizikia, kemia na biolojia katika shule za sekondari za kata. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Hata hivyo, tangu hapo wengi wetu tumezoea kuulizana vikaoni: vyumba vingapi vimeezekwa? Swali la haki ni hili: muhula huu wanafunzi wamefanya majaribio mangapi kwa mikono yao wenyewe? Maabara inayofunguliwa mtihani unapokaribia ni ghala lenye jina zuri.

Walimu watajibu kwamba wao ni wachache, madarasa yamefurika na kemikali ni ghali. Wanasema kweli, na ni wajibu wa halmashauri kutenga fedha za vifaa kwa uzito uleule zinaotengea saruji. Lakini upungufu huo usiwe kisingizio cha kubaki na chaki peke yake. Maji ya choya hubaki mekundu katika ndimu na hubadilika rangi katika maji ya majivu; hilo ni somo la asidi na besi. Sufuria ya maji yanayochemka na mfuniko wa baridi humwonyesha mwanafunzi jinsi mvuke unavyorudi kuwa matone. Akilielewa hilo, ameelewa kinachomfika baba yake anapochoma zebaki mahali pa wazi, na kwa nini kipo chombo cha kuunasa mvuke huo usimdhuru.

Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, Mwalimu Nyerere aliikosoa elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake na kumwaminisha kuwa maarifa yote yamo vitabuni. Onyo hilo halijachakaa. Afisa elimu anapokwenda kukagua shule, asitosheke na kuhesabu madirisha. Aombe daftari la mwanafunzi, asome alichopima, alichokiona na alichokosea.

Risasi ya Mukwamba iliondoka bila kutuachia ujuzi. Dhahabu ya Katavi nayo ikiisha huku vijana wetu hawajui kilichowadhuru, safari hii hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.