Mtoto akipotea mnadani

Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa, fedha huanza kuonekana Lalago, na minada ya Maswa na Meatu hufurika. Kina baba wanakuja na ng'ombe, kina mama na kuku na viazi, na watoto wanakuja pia kwa sababu nyumbani hakuna wa kuwaachia. Humo humo kuna bodaboda, malori na spika za wauza dawa za panya. Mtoto wa miaka mitatu akiachia kanga ya mama yake haoni sura ya mtu yeyote. Anaona miguu.

Msomaji mmoja wa Lalago ameniandikia kwamba mwanawe wa umri huo alipotea mnadani kwa saa mbili, akapatikana kwa mama ntilie. Mtoto ni mzima, lakini mume hajamsamehe, na anauliza kama kweli yeye ni mzembe.

Hapana, dada yangu. Ulikuwa unahesabu chenji, mgongoni una mdogo wake, na mikono Mungu amekupa miwili tu. Shemeji yetu naye alikuwa mnada huo huo, kwenye ng'ombe. Mtoto ni wenu wote wawili.

Ila kuna jambo katika barua yako lililonishtua zaidi: kijana aliyemwona mtoto akilia, akamshika mkono kumtafutia wazazi, nusura apigwe. Usukumani tunajua mwano ukipigwa kila mtu anakimbilia, na ndiyo nguvu yetu. Lakini tangu mauaji ya watoto ya Njombe mapema mwaka 2019, mwanamume asiyefahamika akionekana anamvuta mtoto anayelia, watu hawaulizi. Mtu mwema anaweza kufia hapo. Wengine, kwa kuogopa hilo, wanampita mtoto kama hawamwoni, na huyo mtoto anaendelea kutembea kuelekea barabara ya malori.

Kwa hiyo ukikuta mtoto amepotea, usiondoke naye peke yako. Simama naye pale pale, ita mama muuza nyanya au mzee aliye karibu, sema kwa sauti kwamba mtoto huyu amepotea. Mama ntilie wa barua yetu alifanya hivyo hivyo: alimkalisha mtoto kwenye benchi, akampa uji, na waliokuja kusema "nipe nimpeleke kwao" akawakatalia. Wazazi wakichelewa kuonekana, mpelekeni zaidi ya mmoja kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, au polisi, ambako kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bila malipo. Kumpeleka mtoto nyumbani kwako "alale hadi kesho" bila kumwambia kiongozi yeyote ni kujitafutia kesi, hata kama nia yako ni safi.

Na muulize kwa Kisukuma. Watoto wengi wa vijijini kwetu hawajui Kiswahili kabla ya kuanza shule, ukimuuliza "unaitwa nani?" anakukodolea macho, watu wanasema ni bubu. Ukimuuliza jina la mama yake atakujibu "Mayu", basi. Na ukitangaza kwamba anatafutwa Mama Kulwa, watageuka kina mama kumi. Mfundisheni mtoto jina la baba, jina la kitongoji, na jina la mama alilopewa na wazazi wake. Miaka mitatu anaweza, mkilifanya wimbo wakati wa kuoga.

Namba ya simu iandikeni kwa kalamu ndani ya shati lake, upande usioonekana. Jina lisikae nje, maana mtu mbaya akimwita kwa jina mtoto atamfuata. (Na simu yenyewe iwe na chaji. Wengi tunaifunga kwenye pindo la kanga ikiwa imezima tangu jana.)

Mzazi uliyepoteza mtoto, mmoja wenu abaki pale alipoonekana mara ya mwisho, asiondoke hata kidogo. Mwingine akimbilie kwanza njia za kutokea, malambo na visima, ndipo arudi kwenye vibanda. Maonyesho ya Nanenane kama yale ya Nyakabindi yana watangazaji wao. Mnadani azima spika ya muuza dawa. Sijamwona anayekataa.

Akipatikana, usimpige. Najua hofu ikiisha hasira hupanda, na kofi linatoka lenyewe. Lakini mtoto aliyechapwa kwa kupotea, siku nyingine akisikia unamwita atajificha chini ya meza ya mtu. Mkumbatie, mpe maji, muulize aliona nini. Ugomvi wenu na baba yake ungojeeni hadi alale, na hapo shemeji aeleze mnada ujao yeye atamshika mtoto yupi.