Kuazima vipindi si aibu

Darasani nasikia mara nyingi kwamba kituo kidogo cha televisheni kinachorusha vipindi vya jirani mkubwa ni kasuku tu. Mimi sikubali.

Tuangalie Channel Television, kituo cha visiwa vya Jersey na Guernsey, kati ya Uingereza na Ufaransa, kilichoanza tarehe 1 Septemba 1962. Watazamaji wake walikuwa wachache. Matangazo ya biashara yasingetosha kulipia tamthilia na michezo ya kila siku. Basi kikanasa mawimbi ya Westward, kituo cha Plymouth ng'ambo ya bahari, kikayarusha tena visiwani. Lakini kilijiwekea muda wake: habari za visiwa na matangazo ya maduka ya huko. Hayo Plymouth isingeyasema.

Hata hivyo naona kasoro. Jersey na Guernsey zina lugha zao za asili, lakini hata katika muda huo Kiingereza ndicho kilichotawala. Leo wanaozungumza lugha hizo ni wachache, wengi wao wazee. Sidai kwamba televisheni ndiyo iliyozidhoofisha; nasema tu kwamba nafasi ya kuzisaidia ilikuwepo.

Kwa hiyo, kituo cha mkoa wetu kinapopokea vipindi vya Kinshasa, tusihesabu tu saa kinazoazima. Tuulize: katika saa kinazobaki nazo, kinasema lugha gani, na kinaisema vizuri? Sisi wa kitivo cha lugha tusipouliza, nani atauliza?