Niachieni Boda Wangu

Ndugu mwandishi mwenzangu, eti Kiingereza ni tajiri kwa sababu "run" lina mamia ya maana kwenye kamusi zao, ila neno la kwetu likibeba mizigo mitatu mnaita uvivu? Hapa Munanila, Burundi ikiwa jirani, boda ni mpaka, boda ni pikipiki, boda ni dereva wake. "Boda, nipeleke boda!" Anaelewa, na bei anataja. Jina lilianzia Busia miaka ya 1960, baiskeli zikivusha watu kati ya Kenya na Uganda. Mhariri mmoja alinifutia, akaweka "mwendesha pikipiki ya abiria". Jamani, nani humwita hivyo? Nyie mnaopiga pasi, picha, simu na hodi, acheni unafiki. Hadithi yangu ijayo ina boda wanane. Futeni.